Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Duka Lako Lionekane Kwenye Simu

Mwezi huu tunaongea na wale wanaokula kwa jasho la mikono yao: fundi cherehani, msusi, kinyozi, mama wa mgahawa, fundi simu, mchomeleaji, mwenye duka la vitenge na mwenye gari la kukodi.

Wahenga walituachia neno, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo ni kweli pale ambapo watu wote wanapita mbele ya mlango wako. Lakini mgeni aliyeshuka leo asubuhi kutoka Mbarara hapiti mbele ya mlango wako. Yeye anatoa simu mfukoni, anaandika kwamba anatafuta chakula karibu naye, kisha anakwenda pale simu inapomtuma. Kama jina lako halimo, sombe yako hata iwe tamu namna gani hataijua, na pesa yake italala kwa jirani.

Tunataka kusema mambo mawili tu katika makala hii. La kwanza, kuandikisha biashara yako kwenye simu za watu ni bure, na inawezekana hata hapa kwetu Nakivale ambako hakuna namba za nyumba wala majina ya barabara. La pili, na ndilo zito zaidi: jina la biashara yako kwenye intaneti lina funguo zake. Anayeshika funguo ndiye mwenye duka. Wazazi wengi hawalijui jambo hili la pili.

Soko letu si dogo

Watu wa nje wakisikia neno kambi wanafikiri foleni ya mgao tu. Waliokuja kuchunguza walikuta mengine. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitoa ripoti juu ya uchumi wa wakimbizi Uganda. Waliona kwamba mjini Kampala wakimbizi 21 katika kila 100 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na katika hao walioajiriwa, 40 kwa 100 walikuwa raia wa Uganda. Mwaka 2018 shirika la IFC la Benki ya Dunia lilitazama soko la Kakuma, Kenya, likahesabu biashara zaidi ya 2,000 ndani ya kambi.

Uganda nayo, kwa sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kufungua biashara. Kwa hiyo hatusemi habari ya kujificha. Tunasema habari ya watu wenye kazi halali ambao majina yao hayajulikani nje ya kijiji chao.

Lakini tuseme ukweli, si kila mtu anahitaji jambo hili. Mama anayetandika mkeka na kuuza nyanya kwa majirani anawajua wateja wake wote kwa majina. Simu haitamwongezea kitu. Anayefaidika ni yule ambaye wateja wake wanaweza kuwa wageni: mgahawa, nyumba ya kulala wageni, saluni, mpiga picha, fundi wa sola na simu, mpishi wa keki za harusi, fundi wa madirisha ya chuma. Dereva wa shirika anatafuta pa kula. Mfanyakazi mpya anatafuta pa kunyoa. Ndugu aliye Nairobi au Canada anataka mama yake apelekewe keki nyumbani, naye hamjui mpishi hata mmoja hapa. Hao wote wanauliza simu.

Orodha hii ni kitu gani?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1886, mjini Chicago, Marekani, Reuben Donnelley alianza kutoa kitabu cha kurasa za njano, chenye orodha ya biashara na namba zao, kikipangwa kwa kazi: mafundi pamoja, wauza dawa pamoja. Miji mingi ya Afrika nayo ilikuja kuwa na vitabu vya namna hiyo. Leo kitabu hicho kimehamia kwenye simu, na kimeongezewa ramani, picha, na maoni ya wateja.

Orodha kubwa kuliko zote ni ya Google. Ilikuwa ikiitwa Google My Business tangu 2014, na mwaka 2021 jina likabadilishwa kuwa Google Business Profile. Ile programu ya zamani ya simu ilifungwa mwaka 2022, kwa hiyo mtu akikuambia upakue programu yenye jina la zamani, mwambie hapana. Siku hizi kazi yote inafanyika ndani ya Google yenyewe au kwenye Google Maps.

Simu inamchagua nani?

Wengi wanafikiri anayetokea juu ni yule aliyelipa. Sivyo. Matangazo ya kulipia yapo, lakini yanawekewa alama kwamba ni tangazo. Kwenye orodha ya kawaida, Google yenyewe inasema haiuzi nafasi. Inatazama mambo matatu makubwa.

Kwanza, je, biashara yako ndiyo kile mtu anachotafuta? Ukijiandika "duka" tu, wakati kazi yako ni kushona nguo, anayetafuta fundi cherehani hatakuona.

Pili, umbali. Aliye Base Camp ataonyeshwa kwanza walio Base Camp, na aliye Rubondo ataonyeshwa walio karibu na Rubondo.

Tatu, unajulikana kiasi gani? Hapa zinahesabiwa habari zilizoandikwa juu yako mahali pengine, na maoni ya wateja, wingi wake na uzuri wake.

Umbali huwezi kuubadilisha. Lakini la kwanza na la tatu yamo mikononi mwako.

Namna ya kujiandikisha

Unahitaji simu ya kupangusa, anwani ya barua pepe, na namba ya simu inayopokelewa. Fungua Google Maps, tafuta jina la biashara yako kwanza. Wakati mwingine mtu mwingine ameshaiweka, nawe unatakiwa kuidai tu. Kama haipo, chagua kuongeza biashara.

Jina. Andika jina lile lile lililo kwenye kibao chako. Usiongeze sifa kama "bei nafuu" au "namba moja Nakivale". Kanuni za Google zinakataza, na orodha inaweza kusimamishwa.

Aina ya kazi. Chagua ile iliyo karibu kabisa na kazi yako. Kwenye maelezo andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, maana mgeni kutoka mjini hataandika "fundi cherehani".

Mahali. Usihangaike na jina la barabara. Weka alama kwenye ramani, juu ya paa la duka lako kabisa. Google Maps inatoa pia anwani fupi ya herufi na namba yenye alama ya kujumlisha ndani yake. Hapa kwetu karibu na ikweta, anwani hiyo nzima inaonyesha mraba wa mita kama 14 kwa 14, yaani duka na ua wake. Iandike kwenye kibao, itume kwa ujumbe, mpe mtu wa boda. Huo ndio mtaa wako na namba yako.

Namba ya simu. Anza na +256, ili hata aliye nje ya nchi aweze kupiga. Tumia namba hiyo hiyo na jina hilo hilo kila mahali: kwenye kibao, kwenye WhatsApp, kwenye ramani. Mteja akikuta namba tatu tofauti, anaogopa matapeli.

Baada ya hapo Google inataka kuhakikisha kwamba upo kweli. Mara nyingi siku hizi inaomba video fupi. Unaanza nje, unaonyesha eneo na kibao, unaonyesha bidhaa au vifaa vya kazi, kisha unaonyesha kwamba wewe ndiye msimamizi, kwa mfano unafungua mlango kwa ufunguo. Ni lazima irekodiwe mfululizo bila kukatwa. Kuikagua kunaweza kuchukua siku 5 za kazi. Kwa hiyo kibao ni muhimu. Hata ubao wa mbao uliopakwa rangi vizuri unatosha, mradi jina lisomeke.

Jihadhari na saa

Hapa tunaomba msome polepole. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, simu inasema 08:00. Sisi tunasema saa kumi na mbili jioni, simu inasema 18:00. Majirani zetu wa Ethiopia wanahesabu kama sisi, lakini simu haihesabu hivyo.

Tuseme mama mmoja anafungua mgahawa saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, naye akaandika 2 na 12. Simu itawaambia wateja kwamba anafungua saa nane za usiku na kufunga saa sita mchana. Mgeni mwenye njaa saa saba mchana ataona neno la kufungwa, ataenda kwingine, na mama amekaa na sufuria imejaa. Hatajua kamwe kwa nini.

Vile vile siku ya mgao, siku ya ibada au siku ya msiba, kama hufungui, badilisha saa za siku hiyo. Mtu aliyetembea kilomita tatu akakuta kufuli harudi.

Usiweke mayai yote kikapu kimoja

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uganda ilifunga Facebook. Miaka kadhaa baadaye ilikuwa bado imefungwa. Wafanyabiashara ambao duka lao lote lilikuwa kwenye ukurasa wa Facebook walipoteza njia ya kuwafikia wateja kwa usiku mmoja. Tunajifunza kwamba biashara iwe na milango zaidi ya mmoja.

Mlango wa pili unaofaa ni WhatsApp Business, iliyoanza 2018. Nayo ni bure. Unaweza kuweka saa za kazi, mahali ulipo, na picha za bidhaa pamoja na bei. Usiku ukiwa umelala, inaweza kumjibu mteja kwamba utamrudia asubuhi. Bei ikiwepo, mteja haulizi mara kumi, na bando lenu nyote wawili linapona.

Mlango wa tatu ni OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. Tangu 2015 vijana wa Dar es Salaam waliitumia katika mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaa inayofurika maji. Faida yake kwetu ni kwamba programu zinazotumia ramani hiyo, kama Organic Maps, zinafanya kazi hata bila mtandao, ukiwa umeshapakua eneo lako. Haina nyota wala maoni, lakini ina mahali, na duka lako linaweza kuwa hapo.

Nani anashika funguo?

Sasa tumefika kwenye jambo la pili, wapendwa wazazi. Mara nyingi baba au mama anamwita kijana wa jirani anayejua simu, anamwambia, "Mwanangu, nisaidie kuniweka kwenye Google." Kijana anafanya haraka haraka kwa barua pepe yake mwenyewe. Orodha inatokea, wote wanafurahi. Lakini machoni pa Google, mwenye biashara ni yule kijana. Siku akigombana na wewe, anaweza kubadilisha namba ya simu, na wateja wako wote wakaanza kumpigia yeye. Akihamia Kampala na simu yake ikaibiwa, hakuna tena wa kubadilisha saa wala kujibu wateja. Inawezekana kuiomba Google ikurudishie usimamizi, na aliyeushika anapewa siku chache za kujibu, lakini ni safari ndefu, na unaweza kuombwa tena kuthibitisha kwamba duka ni lako.

Dawa yake ni rahisi. Fungua barua pepe ya biashara, iwe yako. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, liwekwe pamoja na makaratasi muhimu ya nyumba. Laini ya simu iwe imesajiliwa kihalali kwa jina lako au la mtu wa nyumbani, siyo ya mtu uliyekutana naye dukani. Kijana anayesaidia mpeni nafasi ya meneja. Google inaruhusu hivyo: atafanya kazi kwa barua pepe yake, bila kulijua neno lako la siri, na unaweza kumwondoa wakati wowote. Na mlipeni. Kazi ya kijana ni kazi, wakubaliane bei kabla ya kuanza. Kinacholipiwa ni jasho lake, siyo orodha.

Kuna na jambo la familia zinazosafiri. Mtu anapata nafasi ya kwenda Marekani au Canada, anauza duka, anapanda ndege. Orodha inabaki na namba iliyokufa. Aliyenunua duka anahangaika. Kabla ya kuondoka, mkabidhi aliyenunua umiliki wa orodha kama unavyomkabidhi ufunguo wa mlango. Kama biashara imekwisha kabisa, weka alama kwamba imefungwa moja kwa moja. Ni heshima kwa wanaobaki.

Usalama kwanza

Wengine kati yetu wana sababu za kutotaka kuonekana. Wapo waliokimbia watu wanaowatafuta hata leo. Kwa hao, mteja mmoja zaidi hana thamani ya hatari. Kama una kesi ya ulinzi, waulize kwanza wahusika wa ulinzi kabla ya kuweka chochote.

Kwa wote, tumieni jina la biashara, siyo jina lenu kamili. Anayefanyia kazi nyumbani, kama mpishi wa keki, anaruhusiwa kuficha anwani na kuonyesha tu maeneo anayohudumia. Msiweke picha za watoto, za wateja ambao hawakukubali, wala za karatasi za ukimbizi.

Na matapeli wapo. Mtu akipiga akasema anatoka Google na unadaiwa pesa ili orodha isifutwe, kata simu. Mtu akiomba namba za siri zilizoingia kwenye ujumbe wako, usimpe, hata akijiita nani. Namba hizo ndizo ufunguo wenyewe.

Maneno ya wateja

Mteja akiridhika, mwombe aandike maoni. Siyo aibu. Lakini usimlipe kwa hilo, wala usiwaambie watoto wa nyumbani waandike sifa za uongo. Kanuni zinakataza, na majirani watacheka.

Siku moja atakuja atakayeandika kwamba chakula kilikuwa cha baridi. Usimtukane. Wageni mia watasoma jibu lako kuliko lalamiko lake. Jibu hivi: "Ndugu mteja, pole kwa usumbufu, na asante kwa kutuambia. Karibu tena, tutakupikia upya." Anayesoma ataona kwamba hapa pana mtu mzima.

Pia ingia mara moja kwa mwezi utazame orodha yako. Mtu yeyote anayetumia Google Maps anaweza kupendekeza mabadiliko, hata kusema umefunga wakati upo wazi.

Kazi ya familia mwezi huu

Tunapendekeza jioni moja, simu ikiwa imechajiwa, mzazi akae na mtoto wa sekondari. Mtoto anajua kubonyeza, mzazi anajua biashara. Tafuteni kwanza jina la duka lenu mwone kama lipo. Kisha mkubaliane mambo matano na kuyaandika kwenye daftari: jina, mahali, namba ya simu, saa za kazi kwa hesabu ya simu, na nani atashika neno la siri. Mkiyamaliza hayo kwenye daftari, kuyaweka kwenye simu hakuwachukui hata saa moja.

Orodha haitafanya uji mbaya uwe mzuri. Mteja atakayeletwa na simu mara ya kwanza ataletwa na ulimi wake mara ya pili, au hatarudi. Lakini ile mara ya kwanza lazima iwepo. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, walijua kwamba mgeni lazima kwanza aione njia.

Wenye maswali wayalete kwa maandishi, nasi tutajibu tunayoyaweza katika toleo lijalo. Tunawatakia biashara njema.